Heliamu ya Rukwa: membreni inatenganishaje gesi na gesi?

Mwana_Rukwa
Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Tangu 2016 watafiti wa Oxford na Durham watangaze heliamu ya bonde la Rukwa nafuatilia sana hii ishu. Ile gesi inayobubujika kwenye chemchemi kule nyingi ni naitrojeni, heliamu kuna sehemu inafika kama asilimia 10. Sasa wengine wanasema kuzitenganisha lazima upoze mpaka naitrojeni iwe kimiminika (-196°C), wengine wanasema membreni (utando mwembamba wa kutenganisha gesi) inatosha. Inawezaje kuishika naitrojeni ikaachia heliamu wakati zote ni gesi?

fundi_presha
Mkuu swali zuri. Wengi wanadhani membreni ni chekeche lenye vitundu, ila hizi za plastiki (poliimaidi, polisalfoni) gesi inajipenyeza kwenye plastiki yenyewe, inapita katikati ya minyororo ya molekuli inatokea upande wa pili. Heliamu upana wake ni nanomita 0.26, naitrojeni 0.364, kwa hiyo heliamu inapita fasta na naitrojeni inapita kwa kujikokota. Haizuiwi, inachelewa tu, na hapo ndo kazi yote ilipo. Ukifungua bomba la chuma linalobeba membreni, ndani unakuta maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, zimebanwa pamoja, gesi inaingia na presha kubwa upande mmoja heliamu inatokea upande wa presha ndogo.

Mwana_Rukwa
Asante sana mkuu, nimekupata. Kwa hiyo ikipita mara moja tu tayari ni safi?

DadaKemia
Hapana ndugu yangu. Tuseme membreni yako inapitisha heliamu mara 100 kuliko naitrojeni, gesi ikiingia na heliamu 10% basi hata presha iwe nzuri vipi mkupuo wa kwanza hauvuki kama 92%. Halafu kadiri unavyokamua heliamu iliyobaki ndo naitrojeni inavyozidi kupenya, ukitaka usafi unaacha heliamu nyingi imwagwe na mabaki, ukitaka kuikamua yote usafi unashuka. Ndo maana wanaweka hatua mbili au zaidi na mabaki ya hatua ya pili yanarudishwa mwanzo, na kila hatua inataka kompresa maana heliamu inatoka na presha ndogo. Umeme wa kompresa ndo gharama yenyewe.

Kumalizia wanatumia PSA, yaani mitungi ya kaboni au zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana) inayonasa naitrojeni presha ikipanda na kuiachia ikishuka, hapo unafika 99.999%. Mankota kule Saskatchewan, Kanada, wameunganisha membreni na PSA kwenye kiwanda kimoja.

fundi_presha
Naongezea, haidrojeni nayo inasumbua, upana wake ni 0.289 kwa hiyo inapita pamoja na heliamu. Hiyo unaichoma na oksijeni kidogo kwenye kichocheo iwe maji, kisha unakausha.

Mwana_Rukwa
Kwa hiyo kupoza hakuna tena kabisa?

DadaKemia
Kupo, kama mteja anataka heliamu ya kimiminika kwa ajili ya MRI (mashine za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili), lazima ifike -269°C. Tofauti ni kwamba unapoza heliamu ambayo tayari ni safi, hupozi na ile naitrojeni yote ambayo ni asilimia 90 ya ulichotoa kisimani.