Fundi ameiharibu klachi yangu kwa dawa ya oili, kisha akamwita mama mkwe wangu mzito

Mgosi wa Bonde (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninaandika mikono yangu ikiwa bado inanuka oili na moyo ukiwa bado unachemka. Yule fundi wa Korogwe, ambaye kila mwenye pikipiki kuukuu kutoka Segera hadi Mombo anamjua bila kutajiwa jina, amenidhalilisha leo mbele ya mama mkwe wangu. Alisema, nami ninayarudia maneno yake kama yalivyomtoka: “Pikipiki haina tatizo, mama huyu ndiye mzito.”

Jumamosi nilimpelekea CG125 yangu abadilishe oili, basi. Pikipiki hii ni ya muundo ule wa miaka ya 1970, ambao Honda waliubuni kwa ajili ya nchi za barabara mbovu na za waendeshaji wanaochelewa kumwaga oili, na imenivumilia mengi. Inachukua takriban lita moja, na lita hiyo moja ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja, kwa sababu klachi yake, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, inafanya kazi ikiwa imelowa oili. Yeye akamimina oili nyepesi ya magari madogo, ile ya 5W-30 ambayo kopo lake linajisifu kwamba inapunguza ulaji wa mafuta, halafu akaongeza chupa nzima ya dawa ya kupunguza msuguano bila kuniuliza, na dawa hiyo akanitoza.

Klachi inaishi kwa msuguano! Pleti zake, yaani sahani zake bapa, zinapaswa kung'atana huku springi zikizibana, na mtu aliyezeeka akishika spana anazipaka utelezi kama anayepaka mafuta chapati.

Leo asubuhi nikampakia mama mkwe kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita zipatazo 33 za kupanda na kona. Hatujafika hata Soni, injini ikaanza kulia kama ng'ombe aliyeona kisu, huku pikipiki ikitambaa. Nikivuta mafuta, sauti inapanda, mwendo haupandi. Konokono angetupigia honi tumpishe. Mama mkwe, mwenye umri wa miaka 68, akashuka, akajifunga khanga kiunoni, akatembea, na wallahi akanipita. Harufu ya pleti zinazoungua ilijaa mlima mzima. Tukageuza, tukateremka hadi kwa fundi, na hapo ndipo aliposema kwamba mama ndiye mzito. Mama mkwe wangu! Alikuwa amesimama hapo hapo, kipochi mkononi, akimsikia.

Baba Wawili

Pole sana, mkuu. Huyo huyo aliniwekea dawa kama hiyo, akaniapia kwamba injini itakuwa laini kama hariri. Ilikuwa laini kweli, kwa sababu nguvu ilikuwa haifiki tena kwenye gurudumu la nyuma. Nilipanda kilima cha nyumbani kwetu nikiisukuma wiki mbili nzima.

Fundi Mstaafu

Mgosi, kosa la fundi ni kubwa, lakini na wewe hujiponi. Mtu mwenye pikipiki ya umri huo anaachaje funguo gereji na kwenda kunywa chai? Unanunua oili yako mwenyewe, unasoma kopo, unatafuta maneno JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi iliyolowa, na unasimama hapo hapo mpaka imiminwe. MB uiache, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haigusani na oili ya injini. Mwage oili hiyo injini ikiwa ya moto, weka ya pikipiki, tembea kilomita mia chache bila mzigo, kisha mwaga tena, kwa sababu dawa hubaki kwenye pleti. Ikiendelea kuteleza, pleti zimeungua, zibadilishe, na hizo mpya uziloweke kwenye oili safi kabla ya kuzifunga. Na kabla ya yote, je, ulikagua waya wa klachi? Mkono wa klachi usipokuwa na uchezaji, yaani ulegevu kabla haujavuta waya, wa milimita 10 hadi 20, pleti hazishikani sawasawa hata ukiweka oili ya dhahabu.

Mgosi wa Bonde

Waya nilikuwa nimeukagua, na uchezaji ulikuwepo. Hata kama ningekuwa na kosa la kunywa chai, chai hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumwambia mama mkwe wangu kwamba ni mzito. Yeye ni mwembamba kama ufito! Mimi na yeye kwa pamoja hatufikii uzito wa magunia mawili ya mkaa, na magunia mawili pikipiki hiyo ilikuwa inayapandisha Lushoto kabla ya Jumamosi.

Dereva wa Sekenke

Mnalaumu dawa bure. Mimi nimetumia oili ya gari ya 20W-50 kwenye pikipiki miaka mingi na klachi haijawahi kuteleza.

Fundi Mstaafu

Kwa sababu hiyo ni nzito na nyingi za aina hiyo hazina viongezo vya kupunguza msuguano. Ni nyepesi zile, zenye maandishi ya kuokoa nishati kwenye alama ya duara, ndizo zinazoleta balaa. Usiwafundishe vijana kubahatisha.

Binti Korogwe

Mimi linaloniumiza zaidi ni oili ya bandia. Kopo ni la kweli, kifuniko kimegundishwa, na ndani yake mna oili iliyokwisha kutumika ikachujwa kwa kitambaa. Nilipofungua injini nilikuta matope meusi. Tangu siku hiyo, kopo langu likiisha ninalitoboa kwa msumari ili lisije kurudi dukani.

Baba Wawili

Hilo la kutoboa ni la maana sana, nami nitaanza leo. Lakini wanaopiga nati ya kumwagia oili kwa nyundo, hao nao tuwaache? Yangu imekwisha meno, inavuja matone usiku kucha.

Mgosi wa Bonde

Ndugu zangu, nawaomba turudi kwenye jambo lenyewe. Alisema mama ndiye mzito, mbele yake, na hajaomba radhi mpaka sasa.

Dereva wa Sekenke

Baba Wawili, usiifunge kwa gundi. Mpelekee fundi mzuri akutengenezee meno mapya makubwa kidogo, na uweke washa mpya ya shaba, ile pete bapa ya kuziba chini ya nati, kila unapomwaga.

Baba Wawili

Washa hiyo ya shaba inapatikana Korogwe, au ni mpaka Tanga mjini?