Nimekata sura ya nne ya tizi (andiko langu la shahada) nikatuma jarida, wameikataa. Naanzia wapi?

binti_kisorya: Wakuu habari za jioni. Nimedifendi mwezi wa tano, tizi kurasa 312, inahusu akina mama wanaoanika dagaa Ukerewe. Chuo wanataka makala, nikaona mbona rahisi, nikachukua sura ya nne nzima nikabadili kichwa nikatuma. Jibu likaja mistari miwili, eti hii ni sura ya tizi sio makala. Halafu jina la supavaiza linakaa la ngapi?

mzee_wa_riviyu: Pole, na hongera ya joho. Mimi huwa naletewa hizo nihakiki na ukurasa wa kwanza tu nshaijua, utakuta "sura hii inajadili", utakuta jedwali la umri na dini ya wahojiwa ambalo halitajwi tena mpaka mwisho, na kurasa kumi za kueleza sampuli ni nini. Msomaji wa jarida sio mtahini wako, hana haja ya kujua umesoma vitabu vingapi. Funga tizi, msimulie shoga yako asiye wa fani kitu gani ulikikuta Ukerewe ambacho hukukitegemea. Atakaposema "eh kumbe!" hapo ndo pana makala.

binti_kisorya: Basi ni hili la mvua, dagaa wakilowa mama anawauza bei ya kutupa kwa watu wa chakula cha kuku, ila deni analodaiwa na mwenye boti liko palepale. Kwenye tizi ni aya moja tu, ukurasa wa 201.

mzee_wa_riviyu: Sasa umesema. Kusanya data zake zote popote zilipo, majarida mengi ya fani yako ni maneno elfu sita mpaka nane, ila soma masharti yao kwanza, na usitume majarida mawili kwa mpigo.

kapuku_phd: Mimi niliingizwa mkenge na jarida la kitapeli, imeili yao ikaniita Profesa mashuhuri wakati hata Dokta sijazoea kuitwa 😂 nikalipa dola 150, siku nne makala imetoka, kamati ya vyeo ya chuo wakaitupa na jarida jingine siwezi kuipeleka tena. Kama jarida ni la kusomwa bure mtandaoni, pitia DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo yaliyokaguliwa, uone kama limo.

mama_wawili: Jina la kwanza lako, supavaiza la pili kama kachangia kweli, na aione kabla hujatuma. Tizi ikiwa mtandaoni Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, itasema umenakili, mwambie mhariri mapema kwamba imetoka humo.

binti_kisorya: Nimeufungua 201. Supavaiza kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "punguza hii".