Mtaro ni wa nani? Majumba ya maduka yanamea Nakuru, barabara tunalipia sisi

Wadau, nimechoka kuambiwa kwamba barabara za Nakuru zinaharibiwa na mvua. Mvua ilikuwapo kabla ya lami. Kinachoua barabara ni maji yaliyokosa pa kupita. Yamekosa pa kupita kwa sababu kuanzia Lanet na Free Area hadi Kiamunyi na barabara ya Kabarak, jumba la maduka likitaka lango linaziba mtaro wa umma, halafu linaumiminia mtaro huohuo maji ya paa na ya maegesho.

Simameni mbele ya malango mapya muangalie chini, si juu kwenye mataa. Mkandarasi wa barabara alichimba mtaro wa wazi, mpana, wenye mteremko. Mwenye jengo akaja akalaza bomba la saruji la milimita 300, akamwaga zege juu, magari yakaanza kuingia. Bomba la kipenyo hicho kwenye mteremko wa asilimia 1, likiwa safi kabisa, hupitisha takriban lita 95 kwa sekunde. La milimita 600 kwenye mteremko uleule hupitisha zaidi ya lita 600. Kipenyo mara mbili, maji mara sita. Mtu anayejenga ghorofa nne za maduka hawezi kuniambia kwamba alishindwa na bei ya mabomba manne makubwa.

Sasa pigeni hesabu ya maji yenyewe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita za mraba 4,000, yaani karibu ekari moja, kikipata mvua nzito ya Aprili ya milimita 40 kwa saa, kinapokea lita 160,000. Kilipokuwa nyasi na mahindi, robo hivi ndiyo iliyotiririka hadi mtaroni, kama lita 11 kwa sekunde. Kikishaezekwa na kutandikwa kabro (matofali ya saruji ya kutandika chini), asilimia 90 inatoka: lita 144,000 kwa saa moja, lita 40 kila sekunde. Viwanja vitatu vya aina hiyo vikifuatana, lile bomba la lango la mwisho limezidiwa hata kama lilisafishwa jana. Na halikusafishwa. Udongo wetu ni jivu la volkano na vijiwe vyepesi vinavyoelea, vikichanganyika na chupa za plastiki vinajaza bomba upesi. Tope likifika nusu ya kipenyo, uwezo hausalii nusu, unabaki zaidi kidogo ya theluthi moja.

Maji yakikataliwa na bomba yanapanda lami. Hapo ndipo barabara inapokufa, na inafia chini kabla hamjaona kitu juu. Maji hupenya kwenye nyufa na kwenye ukingo usio na bega, yanalowesha tabaka la kokoto, gurudumu likipita linayabana, yanaruka nje yakiwa yamebeba vumbi laini lililoshikilia kokoto pamoja. Mkiona tope la kijivu limetapakaa kuzunguka ufa asubuhi baada ya mvua, jueni tabaka la chini linamwagika. Lami inabaki inaning'inia, lori moja linapita, shimo hilo.

Na lori lazima lipite, kwa sababu supamaketi inaletewa mzigo kila siku. Mhandisi yeyote wa barabara anajua kanuni ya nguvu ya nne: madhara ya ekseli (mhimili wa magurudumu) hupanda kwa uzito wake uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 8 ni nzito mara kumi kuliko ekseli ya gari dogo ya tani 0.8, lakini inaumiza barabara mara elfu kumi. Barabara nyingi za mitaa zilitandikwa tabaka jembamba la lami na kokoto kwa ajili ya magari ya wakaazi. Lori likikata kona kali ili kurudi kinyumenyume langoni, matairi ya nyuma yanasugua na kung'oa kokoto palepale. Ndiyo maana lami mbele ya lango la mizigo inachakaa kabla ya sehemu nyingine yoyote ya barabara hiyo. Ongezeni dizeli inayodondoka: dizeli huyeyusha lami, hata mvua isiponyesha.

Kuhusu foleni ya magari yanayoingia maegesho nitasema kifupi. Kizuizi cha tiketi kikiruhusu gari moja kila sekunde 15, ni magari 4 kwa dakika. Jumamosi jioni yakifika 6 kwa dakika, baada ya dakika kumi magari 20 yanangoja. Kila gari linachukua mita 6 hivi. Hizo ni mita 120 za foleni, na kizuizi kiko mita 8 kutoka barabarani. Matatu inasimama katikati ya njia, bodaboda wanapita kwenye njia ya miguu, mama aliyebeba mtoto anashuka mtaroni. Dawa ni kusogeza kizuizi mita 40 ndani na kuweka njia mbili za kuingilia. Haigharimu kitu ikichorwa mapema. Baada ya ujenzi haiwezekani tena.

Halafu tunaletewa viraka. Kiraka cha kweli kina utaratibu: kata shimo liwe la pembe nne hadi ufikie sehemu nzima, toa kila kitu kilicholowa, kausha, paka lami ya maji chini na kwenye kuta, jaza kwa matabaka yasiyozidi milimita 75, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine, kisha ziba maungio. Tunachokiona ni lori linamwaga mchanganyiko wa lami juu ya dimbwi, mtu anaupiga kwa mgongo wa koleo, wanaondoka. Haukai mwezi. Na hata kingefanywa sawasawa, kama mtaro ulio pembeni umezibwa, kiraka hicho ni pesa ya umma iliyozikwa kwenye maji.

Pesa hiyo ni yetu. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18. Shilingi 7 kati ya hizo ziliwekwa rehani ili kuwalipa wakandarasi wanaoidai serikali. Shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo za mwaka wa fedha 2024/25 ziligombaniwa kati ya Bunge la Kitaifa na magavana hadi mahakamani. Kwa hiyo fungu la kurekebisha barabara ya mtaa ni dogo, linachelewa, na watu wanalivutania. Sasa kwa nini fungu hilo hilo litumike kurekebisha uharibifu wa mtu binafsi ambaye alipaswa kuuzuia kwa mfuko wake?

Tena visingizio vya "hiyo si barabara yetu" mvikatae. Ni kweli kwamba barabara kuu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na nyingine za mjini zinasimamiwa na KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Lakini someni Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010: mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya kaunti. Barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, pia ni kazi ya kaunti. Kibali cha ujenzi vilevile kinatolewa na kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na kinaweza kutolewa kwa masharti. Mwenye kalamu ya masharti na mwenye jukumu la mtaro ni mmoja! Nakuru ilipewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji linalotoa kibali bila kuuliza maji yataenda wapi linavunja barabara zake kwa mkono wake.

Ninachodai ni masharti manne kwenye kibali cha kila jengo la biashara. Bomba la lango lisiwe dogo kuliko uwezo wa mtaro lililoukuta. Maji ya kiwanja yahifadhiwe ndani na kuachiliwa polepole. Lori ligeukie ndani ya kiwanja. Kizuizi cha tiketi kiwe mbali na barabara. Na cheti cha kukalia jengo kisitolewe hadi mkaguzi ameshuka mtaroni na futi yake ya kupimia. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu michoro mingi ina mitaro mizuri ambayo haikujengwa.

NYONGEZA 1: Kwa ndugu aliyesema tuchimbe mashimo ya kunyonya maji. Kwingine ni sawa. Nakuru, hapana, si bila kupima udongo kwanza. Tumekaa juu ya nyufa za Bonde la Ufa, na upande wa magharibi wa mji ardhi imewahi kufunguka baada ya mvua kubwa. Jivu la volkano likinyweshwa maji mengi mahali pamoja linabomoka, na mnaweza kuzamisha ukuta wa jirani. Jengeni tangi chini ya maegesho. Zile lita 144,000 zinaingia zote kwenye tangi la mita 8 kwa 6, kina mita 3. Tundu la kutolea la milimita 60 huachilia lita 13 hivi kwa sekunde tangi likiwa limejaa, karibu sawa na shamba lilivyokuwa, na tangi linakuwa tupu baada ya saa sita hivi. Wekeni wavu mbele ya tundu na mfuniko wa mtu kushukia, la sivyo takataka zitaliziba katika msimu wa kwanza. Maji ya paa yachujwe yatumike vyooni.

NYONGEZA 2: Kwa dada aliyeandika kwamba tunapinga maendeleo na kazi za vijana. Hapana, dada yangu. Supamaketi zije. Mama mboga wa mtaa wa chini naye ana kazi, na maji ya mtaa wa juu yanamwingilia kibandani. Mji huu unateremka kutoka mlima wa volkano wa Menengai hadi ziwani. Kinachoachiliwa juu kinapita Kaptembwo na Rhonda pamoja na mafuta ya maegesho, kisha kinaishia Ziwa Nakuru, ambalo limo katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1990. Na jambo hili litakua: upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita hapa Nakuru, ulizinduliwa Novemba 2025, na viwanja vya kandokando yake vitataka malango mengi zaidi.

NYONGEZA 3: Mmeuliza tufanye nini. Mkiona tangazo la ombi la kujenga, mna siku 14 za kuwasilisha pingamizi. Msiandike "tunapinga", andikeni maswali yanayohitaji namba: kipenyo cha bomba la lango, ukubwa wa tangi, umbali wa kizuizi, mahali lori litageukia. Ambatisheni picha ya mtaro ulivyo leo, na futi ya kupimia ionekane. Mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Msingoje, kwa maana ombi lisipojibiwa kwa siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Uamuzi ukiwaumiza, rufaa ni ndani ya siku 14 kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwenye picha za malango ya Kiamunyi na Lanet azitie hapa chini, na kipimo cha bomba kionekane.