Kitambaa cha kufuma kinachopanuka kikivutwa: nichukue njia ipi?

Kitanzi7: Wakuu, heshima kwenu. Nataka kufuma kinga ya goti ambayo ukiivuta inaongezeka upana badala ya kusinyaa. Nimebaki na njia tatu: kitambaa cha mikunjo, wavu wa Raschel (unaofumwa kwa mashine ya jina hilo), au uzi wa kuzungushiana. Keshokutwa naagiza uzi.

MzeeSindano: Mashine gani? Safu moja ya sindano au mbili? Itavutwa kwa urefu au kwa upana? Hujasema, tukushauri nini?

BintiMfumaji: Mikunjo. Panga vitanzi vya mbele na vya nyuma kwa zigizaga, kitambaa kitajikunja chenyewe kikitoka mashineni. Ukikivuta, kinafunguka pande zote mbili. Uzi wa kawaida unatosha.

RaschelTu: Mikunjo ikiisha kufunguka, unabaki na kitambaa kinachosinyaa kama vingine. Wavu wenye matundu ya pembe sita zilizobonyea ndani unakaa vizuri zaidi.

MzeeSindano: Wavu huo unataka mashine nyingine kabisa. Hajasema anayo.

MamaNyuzi: Mdogo wangu, nisikilize kabla hujaagiza. Nilifuma mikunjo kwa akriliki, wiki nzima nikihesabu vitanzi. Kilipotoka kilikuwa kizito, kimejikusanya, ukikivuta kinatanuka kama ua. Nikaona kingo zimepinda, nikapitisha pasi ya mvuke kidogo tu. Akriliki ikalegea, mikunjo ikalala, haikuinuka tena hata nilipokiosha. Nilipokivuta kikasinyaa upana. Nililia, sifichi. Siku hizi natumia sufu na pasi haikigusi.

Kitanzi7: Poleni mama. Samahani wakuu: mashine bapa, safu mbili. Uzi nilitaka akriliki.

NyuziMbili: Uzi wa kuzungushiana je? Mwembamba mgumu unauzunguka mnene unaovutika. Ukivuta, mwembamba unanyooka, mnene ndio unalazimika kupinda na kuuzunguka.

BintiMfumaji: Ndani ya kitanzi uzi umeshapinda, hauvutwi ukanyooka. Huo ni wa vitambaa vya kusuka.

NyuziMbili: Si lazima. Mtafiti Lakes alipotengeneza povu linalopanuka likivutwa mwaka 1987 wengi walishangaa pia.

RaschelTu: Povu si ufumaji, ndugu yangu.

NyuziMbili: Tabia ni moja. Kipande cha kawaida ukikipinda kinakuwa kama tandiko la farasi. Hiki kinakuwa kuba. Goti ni kuba.

MzeeSindano: Hapo umesema. Lakini Kitanzi7, goti linavuta kwa urefu. Umeshajaribu kipande kidogo upande huo?

Kitanzi7: Bado, mzee. Mama, sufu yako ni ya nyuzi mbili au tatu?