Kupandisha tempo ya sebene baada ya kurekodi: kuvuta, kukata au kurekodi upya?

FundiKinanda
Wakuu, heshima kwenu. Nina wimbo wa kwaya: drams kwa maiki nne, besi, gitaa la solo na la rizimu, kinanda cha MIDI (kinachohifadhi noti, si sauti), na sauti za waimbaji. Vyote vimerekodiwa kwa kliki ya 96, yaani midundo 96 kwa dakika. Mwalimu wa kwaya anataka beti zibaki hapohapo ila sebene ipande hadi 104, na anataka aisikie kwanza kabla ya kuwaita wapigaji. Natumia programu ya kurekodi ya REAPER. Nikibadili tempo, kinanda kinafuata vizuri, lakini traki za maiki zinabaki na mwendo wa zamani. Baada ya bari mbili kila mtu yuko kwake. Naona njia tatu: kuvuta sauti zote (kuzibana bila kupandisha noti) zifuate tempo, kukatakata na kusogeza, au kurekodi sebene upya. Ipi inaacha muziki ukiwa hai? Naomba kuwasilisha.

Rizimu_Tanga
Mkuu, kabla ya kuchagua njia, fungua mipangilio ya mradi uone klipu zako (vipande vya sauti kwenye traki) zimeshikilia nini. Zikishikilia muda wa saa, hazitikisiki hata upandishe tempo vipi. Zikishikilia midundo kwa nafasi, urefu na kasi, zinahama na kubanwa pamoja na gridi, ile mistari ya midundo. Kuna na chaguo la nafasi peke yake: mwanzo wa klipu unafuata mdundo wake, sauti ya ndani haiguswi. Unaweza kuipangia kila traki chaguo lake, na hapo ndipo REAPER inaponipendeza kuliko nyingine. Yapange haya KABLA ya kugusa tempo.

Halafu angalia klipu ndefu, zile zinazoanzia utangulizi hadi mwisho wa wimbo. Klipu moja ina kasi moja, haiwezi kuwa 96 mbele na 104 nyuma. Kata traki zote kwenye mdundo wa kwanza wa sebene, kisha weka alama ya tempo palepale. Matoleo mapya yana chaguo la klipu kujirekebisha yenyewe kwenye mabadiliko ya tempo, lakini mimi bado nakata kwa mkono, naona ninachokifanya.

SautiYaPili
Kwa waimbaji, vuta bila wasiwasi. Toka 96 hadi 104 ni ongezeko la asilimia 8 hivi, na sauti ya binadamu inalivumilia. REAPER ina njia za kuvuta ziitwazo élastique: mwimbaji mmoja mmoja mpe élastique Soloist. Maiki iliyochukua kundi zima mpe élastique Pro. Ila vuta sauti kavu, na riveb (mwangwi kama wa ukumbi) uiweke baadaye. Ikiwa imeshachapwa ndani, mkia wake ukibanwa unasikika kama unatetemeka.

NgomaKavu
Drams usivute, ndugu yangu. Uhai wa ngoma uko kwenye ule mgongano wa kwanza wa fimbo na ngozi, na kuvuta kunaulainisha. Ubaya zaidi, una maiki nne zilizosikia pigo lilelile. Kila maiki ikivutwa kivyake, kiki (ngoma kubwa ya mguu) ya maiki ya chini na kiki iliyoingia maiki za juu hazilingani tena, zinakatana, na uzito wote unapotea.

Ziunganishe zote nne ziwe kundi moja. Kata kwenye kila pigo, mahali palepale kwa traki zote, weka chaguo la nafasi peke yake, ndipo upandishe tempo. Mdundo ulikuwa milisekunde 625, sasa ni 577, kwa hiyo vipande vitapandana kidogo. Pitisha fedi fupi kwenye kila kiungo, kipande kimoja kififie kingine kikiingia. Sikiliza matoazi hasa, ndiyo yatakayokusaliti, maana mkia wake unakatwa kabla haujaisha. Na ushukuru unapandisha. Anayeshusha tempo kwa njia hii anabaki na mapengo ya kujaza.

Mix_Morogoro
Kwa wanaotumia programu nyingine: Ableton Live kazi hii ya kuvuta inaitwa Warp, Logic Pro ni Flex Time, Pro Tools ni Elastic Audio. Wenye Live, jihadharini na hali ya Re-Pitch. Inapandisha sauti pamoja na mwendo kama utepe wa kaseti, na kutoka 96 hadi 104 ni karibu nusutoni 1.4. Besi itagombana na kinanda mara moja.

BengaHalisi
Mimi napinga kidogo. Hizo zote ni njia nzuri za kumtengenezea mwalimu sampuli, na zitumie kwa hilo. Lakini sebene ya 104 si sebene ya 96 iliyoharakishwa. Mpiga solo akisikia mwendo umepanda anabadili vidole: anapunguza noti, anaacha nafasi, anaegemea mahali pengine. Mpiga drams naye. Ukibana tu, unapata wapigaji wanaokimbia bila kuchangamka. Mwalimu akishakubali tempo, waite watatu: drams, besi na solo. Sauti za kuitikia na rizimu ulizovuta zitakaa vizuri juu yao.

FundiKinanda
Asanteni sana wakuu. Rizimu nitavuta na drams nitakata, sampuli iende kwa mwalimu. Solo ndiyo inanitatiza: alipiga na mwangwi wa pedali, umeshaingia kwenye rekodi. Kwenye sampuli niikate au niivute?

Rizimu_Tanga
Vuta hiyo. Ukivuta, mwangwi unabanwa pamoja na noti, hivyo unabaki kwenye mdundo wake. Tuseme pedali ilikuwa milisekunde 469, robo tatu ya mdundo kwa 96. Ukivuta inakuwa 433, ambayo ni robo tatu kwa 104. Ukikata na kusogeza, noti zitakaa sawa lakini mwangwi utabaki 469 na utachelewa sebene nzima. Siku ya kurekodi upya, mwambie apige bila pedali, mwangwi uuweke wewe.