Naomba ushauri: nimemkuta sululu ana pete mguuni, Kunduchi

Habari zenu wakuu. Juzi alfajiri, maji yamekupwa ile ya bamvua, nilimkuta ndege amenasa kwenye jarife lililoanikwa ufukweni. Ni sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Nikamfunika kichwa na kanga ya mama watoto, akatulia, nikaanza kukata nyuzi moja moja.

Mguuni ana pete ya chuma, imechakaa upande mmoja. Nikaifuta mchanga kwa mate: MOSKWA (yaani Moscow), halafu namba. Ya mwisho sijui ni 3 au 8, nimepiga picha pande zote.

Wavuvi wakaja juu, wengine wanasema ni ndege wa kijasusi, mzee mmoja akataka mchuzi. Mimi najua sululu huzaliana kaskazini ya mbali, Urusi ikiwemo, na baridi ikianza kule wanashuka kwetu. Wataalamu huwatega kwa nyavu nyembamba, wanawavisha pete na kuwaachia, ili akionekana kwingine ijulikane kafika wapi. Nikamwachia na pete yake. Aliruka chinichini kuelekea mikoko.

Sasa naomba msaada: taarifa hii naipeleka wapi? Nianzie TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania), idara ya zoolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, au niwaandikie Moscow moja kwa moja? Na hiyo namba yenye utata niiandikeje?

Halafu kuna dogo wa jirani kapata wazo la kutega wavu wake avishe pete za waya. Nimemkatalia, bila kibali si atatuletea kesi?