Mbio za Ukoo: ORODHA INAFUNGWA LEO

Shangazi Tatu 18:02
Hamjambo wanaukoo. Orodha ya mbio zetu za baiskeli naifunga leo saa nne usiku. Waliojiandikisha ni wawili, na mmoja ni mimi. Jina na saizi ya jezi tafadhali.

Shangazi Tatu 18:19
Tiki za buluu naziona. Mnasoma hamjibu.

Bakari 18:21
Mimi XL. Mwaka jana nilivaa L ila jezi zimenywea

Shangazi Tatu 18:22
Jezi haikunywea Bakari. Haya, kuna jambo lazima liishe kabla sijafunga. Kifungo cha Sefu cha kutoshindana, kwa dawa iliyokatazwa michezoni, kimekwisha. Anaandikwa au haandikwi? Ndiyo au hapana, hotuba sitaki.

Musa 18:40
Hapana.

Bakari 18:40
Musa hajawahi kutoa hotuba fupi hivi tangu azaliwe 😂

Shangazi Rehema 18:44
Musa mwanangu, huyo ni nduguyo.

Musa 18:45
Shikamoo Shangazi. Undugu haujafa, nazungumzia mbio. Kikombe alichoshinda kwetu kiko wapi?

Shangazi Tatu 18:45
KIKOMBE TUSIKIGUSE LEO

Shangazi Rehema 18:49
Kiko kabatini kwangu na hakina kosa. Siku ile hakuna aliyepimwa. Mtoto alipimwa miezi mitatu baadaye, mashindano mengine kabisa, tena kwa sababu ya dawa ya mafua.

Musa 18:50
Contador, bingwa wa baiskeli, alipokutwa na dawa alisema ni nyama, Sefu anasema mafua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema "nilitaka kushinda".

Halima 18:53
Yupo. David Millar, mwendesha baiskeli wa Uingereza, alikiri EPO, dawa ya kuongeza damu, 2004, akafungiwa miaka miwili, 2006 akarudi Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa. Kuanzia hapo kila mahali anasema wazi alichofanya. Uingereza walikuwa na sheria yao ya kumnyima Olimpiki maisha, mahakama ya michezo ikaitupa 2012, akakimbia London.

Halima 18:54
Na Contador, mahakama hiyohiyo haikuikubali ile nyama. Ilisema kuna uwezekano zaidi ni virutubisho vilivyochanganyika na clenbuterol, dawa aliyokutwa nayo. Ikamfungia vilevile. Ukikutwa nacho mwilini ni chako, kiliingiaje baadaye.

Bakari 18:55
Kwa hiyo chai ya Shangazi Tatu tuiogope 😂

Shangazi Tatu 18:55
Bakari ukiandika tena bila saizi ya kaptura nakutoa kikundini.

Baba Mdogo Ali 19:20
M

Shangazi Tatu 19:21
Kaka Ali asante. Na kuhusu Sefu?

Bakari 19:38
Mimi nasema aandikwe. Froome wetu wa Nairobi alikutwa na salbutamol, dawa ya pumu, mara mbili ya kiwango, Vuelta ya Hispania 2017, na wakati kesi inaendelea akachukua Giro ya Italia 2018. Waandaaji wa Tour wakataka kumzuia, siku chache kabla ya kuanza UCI, chama cha baiskeli duniani, wakaifunga kesi. Ingekuwa tunazuia watu kwa minong'ono yule angebaki nyumbani bure

Musa 19:41
Froome hakuhukumiwa. Dawa ya pumu inaruhusiwa hadi kiwango fulani, wakabishana juu ya kiwango. Sefu alihukumiwa. Usichanganye tuhuma na hukumu.

Halima 19:42
Hapo Musa yuko sawa. Lakini hukumu ina mwisho wake. Valverde wa Hispania alifungiwa miaka miwili kwa kesi ya udanganyifu wa damu, akarudi 2012 bila kukiri chochote, 2018 akawa bingwa wa dunia. Mimi sikumpenda, ila alikuwa na haki ya kusimama kwenye mstari.

Musa 19:44
Haki ya kusimama kwenye mstari wao. Mstari wetu tunauchora wenyewe kwa chaki.

Musa 19:44
Armstrong, yule Mmarekani aliyenyang'anywa Tour saba kwa dawa, 2015 aliendesha sehemu ya njia ya Tour siku moja kabla ya washindani wenyewe, eti hisani ya wagonjwa, na mwenyekiti wa UCI akasema si heshima. Wala hayakuwa mashindano.

Halima 19:46
Armstrong alifungiwa maisha. Sefu kafungiwa na kamaliza. Unataka tumpe adhabu nzito kuliko waliyompa wenye mchezo?

Babu 19:58
🎤 Ujumbe wa sauti (3:41)

Bakari 20:03
Nimesikia redio na kikohozi. Kuna mwenye muhtasari?

Shangazi Tatu 20:04
Baba kashikilia mahali pa kurekodi bila kujua, naona anaongea na fundi.

Shangazi Rehema 20:10
Mnamjadili mtoto kama hayupo. Sefu yumo humu humu.

Bakari 20:10
*Ujumbe huu umefutwa*

Bakari 20:10
*Ujumbe huu umefutwa*

Musa 20:26
Najua yumo. Ndiyo maana naandika hapa na si pembeni. Shangazi, kikombe kaeni nacho. Mwaka ule nilimfuata mlima mzima nikiangalia mgongo wake, sikuweza kumfikia, nikasema mapafu yangu mabovu. Nikaacha mazoezi. Baiskeli nikaiuza. Leo sijui kama nilikuwa dhaifu au niliibiwa, na hakuna kipimo cha kunijibu.

Musa 20:29
Pereiro wa Hispania alipewa ushindi wa Tour ya 2006 baada ya Landis, aliyemaliza wa kwanza, kukutwa na testosteroni. Jezi ya manjano ya mshindi alivalishwa ofisini Madrid, mwaka umeshapita. Siku ya Paris alipanda jukwaani wa pili. Hiyo utamrudishiaje?

Halima 20:37
Haya sikuyajua kaka.

Shangazi Rehema 20:41
Na hilo begi la bluu mlilomsingizia mwaka ule, nalo limesahauliwa?

Shangazi Tatu 20:41
Dada Rehema nakuomba. Begi hapana.

Baba Mdogo Ali 20:44
Kwani Sefu alifanya nini?

Bakari 20:44
😂😂😂 Mzee umeingia mwishoni mwa filamu

Shangazi Tatu 20:50
Napendekeza: aandikwe, akimbie, ila asihesabiwe kwenye zawadi. Anayepinga aseme sasa.

Halima 20:52
Sikubali Shangazi. Nusu hivyo ni fedheha tupu. Ama amerudi ama hajarudi. Wasiwasi wetu ni kwamba dawa ilimjenga na faida bado anayo, kwa EPO ningeelewa hofu hiyo. Kwa dawa ya mafua, ilishatoka mwilini zamani.

Musa 20:53
KAMA ilikuwa mafua.

Babu 21:15
Nimeandikiwa na Zuwena mjukuu wangu, simu inanishinda. Wenye mchezo wamemfungia na wamemfungulia. Mimi sina kifungo cha kumwongezea. Lakini aje aseme mwenyewe mbele ya Musa, asisemewe na mama yake. Kikombe kiletwe kwangu. Mwaka ule kisiandikwe jina la mtu. Ile miaka saba ya yule Mmarekani wameiacha wazi, na Tour inaendelea.

Shangazi Tatu 21:16
Shikamoo Baba. Tumesikia.

Halima 21:17
Shikamoo Babu.

Bakari 21:17
Shikamoo Babu. Kaptura ni L

Shangazi Rehema 21:40
Kikombe nitakileta, Baba. Sikukikatalia.

Sefu 21:48
Shikamoo Babu. Shikamooni wote. Nimesoma tangu mwanzo.

Sefu 21:52
Dawa nilinunua mwenyewe. Daktari wa timu aliniambia nisome orodha ya zilizokatazwa, sikusoma. Ya mwaka ule wa mlima, Musa, nikikuambia nilikuwa safi utaamini? Ndiyo maana nimekaa kimya.

Sefu 21:53
M, Mama Mdogo. Kama nimeandikwa.

Shangazi Tatu 21:55
Musa?

Shangazi Tatu 21:59
Musa uko hewani nakuona.

Shangazi Tatu 22:00
Haya. Walioandikwa: mimi, Halima, Bakari (XL, mwenyewe anajua), Kaka Ali. Sefu na Musa nimewawekea alama ya kuuliza. Kaka Ali pampu na vya kuziba pancha ni wewe.

Baba Mdogo Ali 22:07
Ile M ilikuwa ya kuuliza mbio ni mwezi gani, vidole vikateleza. Mimi natazama tu mwaka huu.

Shangazi Tatu 22:08
Naongeza muda hadi kesho saa sita mchana. Musa, pokea simu.